Afya Nyumbani: Fundi Asiyeweza Kunyoka



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Bukavu. Aliyeiandika ni mwanafunzi, naye atuuliza kwa ajili ya baba yake. Hatutataja jina lake wala mtaa wake, maana habari za nyumba ya mtu si za kutangazwa. Lakini shauri lenyewe ni la watu wengi. Ndiyo sababu tumeona yafaa kulijibu mbele yenu nyote.

Baba yake ni fundi wa cherehani. Kwa muda wa miaka 18 amekaa mbele ya mashine yake tangu asubuhi hata jioni. Mwaka huu, kila anapoinuka kitini, hawezi kunyoka mara moja. Huenda hatua tano sita akiwa ameinama, mkono kiunoni, kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka, ndipo anyoke pole pole. Asubuhi, akitoka kitandani, ni vivyo hivyo. Maumivu yako chini ya mgongo, na mbele ya nyonga asikia kama kamba iliyovutwa. Hana homa, hakukonda, wala hakuanguka.

Majirani walimwambia kwanza, "Ni figo." Akanunua chupa moja ya dawa, na ya pili, na ya tatu, hata fedha ya shule ikapungua. Dawa zisipofaa, watu wakaanza kunong'ona neno jingine: ya kwamba fundi mwenzake, ambaye meza yake i karibu na yake sokoni, amemloga ili ajipatie wateja wake. Sasa watu hawa wawili, waliokuwa wakiazimana mkasi na uzi, hawasalimiani tena. "Naomba mniambie," aandika kijana huyu, "baba ana ugonjwa gani? Na je, ni kweli mtu aweza kumfunga mwenzake kiuno?"

Mwanetu, umefanya vema kuuliza kabla ya kuamini. Sisi hatukumwona baba yako, wala hakuna awezaye kumpima mtu kwa barua. Hiyo ni kazi ya mganga wa hospitali. Lakini dalili ulizotuandikia zafanana sana na jambo lijulikanalo, lisilo na ulozi hata kidogo. Na aliyemfunga baba yako kiuno, twadhani twamjua: ni kiti chake.

MISULI IINUAYO PAJA

Aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji anapopasua ng'ombe aijua nyama iitwayo sarara: nyama laini, ndefu, ilalayo ndani kando ya uti wa mgongo. Mwanadamu naye anayo, mkanda mmoja kuume na mmoja kushoto. Waganga huiita soasi. Mkanda huu waanza kwenye pingili za mgongo kiunoni, washuka nyuma ya matumbo, wapita mbele ya nyonga, ukiungana na msuli mwingine ulioenea kama kiganja ndani ya fupanyonga. Kisha yote miwili hushikwa kwa kano moja kwenye fupa la paja, juu, upande wa ndani. Uko pia msuli wa tatu, mbele ya paja: waanza kwenye fupanyonga, wapita juu ya goti na kushika muundi.

Kazi ya misuli hii yote ni moja. Ikijikaza, paja huinuka. Bila hiyo hamwezi kupanda ngazi, wala kupiga mpira, wala kuruka mfereji. Watu wa Bukavu, ambao mji wao umejengwa juu ya vilima vya pwani ya Ziwa Kivu, huitumikisha kila siku bila kuijua.

Sasa angalieni mtu aliyeketi. Paja lake limekaribia tumbo, na misuli ya mbele ya nyonga imekunjwa, imekuwa mifupi. Saa moja haidhuru, wala mbili. Lakini akikaa hivyo kutwa, mwaka baada ya mwaka, asiinyoshe hata mara moja, mwili hufanya kama fundi mwekevu: kitambaa kisichotumika hukipunguza. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa walitangaza habari za paka waliofungwa mguu kwa plasta, msuli wa shavu la mguu ukiwa umefupishwa. Baada ya majuma machache msuli ule ulikuwa umepoteza karibu sehemu 40 katika 100 za vipingili vidogo vinavyoupa urefu wake. Plasta ilipoondolewa, vipingili vikarudi. Kiti si plasta, wala mtu si paka; hata hivyo jaribio hilo latufundisha mambo mawili. Mwili hupunguza urefu usiotumika. Tena waweza kuurudisha.

Basi, mtu mwenye misuli iliyofupika akisimama, misuli hiyo haikubali kulegea upesi. Yavuta pingili za kiuno mbele, yainamisha fupanyonga. Hapo ana njia mbili tu: ama abaki ameinama, ama abinue kiuno ili kifua kisimame. Njia zote mbili huuchosha mgongo. Kwa hiyo mtu aumwa nyuma, hali kamba imekazana mbele. Apaka dawa mgongoni, na kamba yabaki pale pale. Tena misuli ya matako, ambayo ingepaswa kumnyosha, imekaliwa kutwa, ikasahau kazi yake.

Twaongeza neno moja, tusije tukawapoteza. Si kila maumivu ya mgongo yatokana na misuli hii. Wala si kila msuli unaosikika kama umekazana ndio uliofupika. Pengine umechoka tu, au ni dhaifu, nao wajikaza kwa kujilinda. Kwa sababu hiyo haitoshi kuinyosha misuli; yatupasa pia kuitia nguvu.

KWA NINI SI FIGO?

Mwenye maumivu ya figo huumwa akiketi, akisimama, au akilala. Hatua sita hazimponyi. Mara nyingi ziko dalili nyingine: homa ya kutetemeka, mkojo wenye damu au wenye kuwasha, au uso na miguu kuvimba. Maumivu ya baba yako huja anapoinuka, na kupungua anapotembea. Mganga aweza kuupima mkojo kwa bei ndogo kuliko ile ya chupa tatu za sokoni, na shaka ikaisha.

KUJIPIMA NYUMBANI

Huko Liverpool, Uingereza, alikuwako mganga wa mifupa jina lake Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufa mwaka 1891. Baba yake alikuwa mwunga mifupa wa kienyeji, mtu asiyesomea uganga katika chuo. Mwanawe alisoma, akaupata ujuzi wa chuo bila kuudharau ule wa nyumbani, tena kila Jumapili aliwatibu maskini bure. Alibuni njia nyepesi ya kuipima nyonga, nayo yatumika hata leo.

Laleni chali juu ya mkeka sakafuni, miguu imenyoka. Shikeni goti moja kwa mikono yote miwili, mlivute kifuani mpaka kiuno kiguse mkeka. Sasa mwenzenu autazame mguu wa pili. Ukibaki umelala sakafuni, misuli ya upande huo ina urefu wa kutosha. Goti likiinuka lenyewe, paja likaelea hewani, misuli imefupika. Pimeni pande zote mbili, maana mara nyingine upande mmoja ni mzima na wa pili umekazana.

MAZOEZI MANNE

Kazi hii haitaki mashine wala fedha. Yataka mkeka, na dakika kumi kila siku.

La kwanza: goti moja chini. Kila mtu wa parokia alijua zoezi hili, maana ndivyo tupigavyo goti tuingiapo kanisani. Tandikeni kitenge kilichokunjwa, wekeni goti la kuume juu yake, na mguu wa kushoto mbele, wayo chini. Kifua kisimame. Kisha kazeni tako la kuume, mkiingiza kiuno ndani kama mbwa afyatavyo mkia. Wengi watasikia mvuto mbele ya paja hapo hapo; wasioisikia wasogee mbele kidogo, kama upana wa kiganja. Hesabuni pole pole mpaka 30, mkipumua kwa utulivu. Badilisheni mguu. Fanyeni mara mbili au tatu kila upande. Kosa la wengi ni kujitupa mbele huku kiuno kimebinuka: hapo mgongo ndio ukunjwao, na misuli ya nyonga haipati kitu.

Kwa nini 30? Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani waliwalinganisha watu walionyosha misuli ya nyuma ya paja, siku 5 kila juma, kwa majuma 6. Sekunde 30 zilifaa kuliko 15, na sekunde 60 hazikuongeza faida. Basi hakuna haja ya kujitesa.

La pili: ukingo wa kitanda. Hili lawafaa wazee na wenye magoti mabovu. Laleni chali ukingoni mwa kitanda kigumu, mkumbatie goti la upande wa ndani, na kuuacha mguu wa nje uning'inie taratibu kando ya kitanda. Uzito wa mguu wenyewe hufanya kazi. Hesabuni 30, kisha geukeni.

La tatu: daraja. Laleni chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kazeni matako, inueni kiuno mpaka mwili unyoke tangu mabega hata magoti, mshushe pole pole. Mara 10. Hili huyaamsha matako yaliyosahau kazi.

La nne: kuinua paja. Simameni karibu na ukuta, mwili wima, mkiinua goti moja mpaka usawa wa kiuno. Hesabuni mpaka 5, shusheni. Mara 10 kila mguu. Hili huitia nguvu misuli ile ile tuliyoinyosha.

Mvuto wapasa kuwa wa kuvumilika. Maumivu makali kama ya kisu, au ganzi ishukayo mguuni, ni alama ya kuacha. Mama mwenye mimba aulize kwanza kwa mkunga au mganga wake. Tena msitazamie mwujiza siku ya tatu. Kilichopunguzwa kwa miaka 18 hakirudishwi kwa usiku mmoja. Wengi huanza kuona nafuu baada ya majuma machache, nao wakiacha mazoezi kabisa, ukakamavu hurudi.

KITI NA KAZI

Mtu akinyosha misuli dakika kumi, kisha akaketi saa kumi bila kuinuka, ajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Hatusemi baba yako aache kushona. Cherehani ndiyo iwalishayo. Lakini na ainuke kila nusu saa, au kila amalizapo kipande kimoja, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Kiti chake kiinuliwe kidogo, hata kwa mto mgumu, ili nyonga ziwe juu ya magoti. Hapo misuli haikunjwi sana. Kukata kitambaa akufanye akiwa amesimama, mezani. Na jioni, kabla ya kulala, alale kifudifudi dakika mbili tatu, kama mgongo haumwumi akifanya hivyo.

Neno hili si la mafundi tu. Dereva wa pikipiki, karani na mwuza duka wanakunjwa vivyo hivyo. Mama alimaye ameinama, na yule abebaye mzigo mgongoni kwa mkanda wa kichwani, nao hukaa muda mrefu bila kuzinyosha nyonga zao. Kina mama, kila mfikapo mwisho wa tuta, simikeni jembe, simameni wima, kazeni matako na kupumua mara tano. Shamba halitakimbia.

Nanyi wanafunzi, mwaketi kwenye benchi asubuhi, kisha mwarudi nyumbani kuketi tena mbele ya kitabu au simu. Samaki mkunje angali mbichi, wasema wahenga. Nanyi mngali wabichi. Kimbieni, rukeni, pandeni vilima. Mwalimu awasimamishaye katikati ya somo kwa dakika moja haipotezi dakika hiyo.

MAMBO YASIYO YA MAZOEZI

Hapa twawaomba msome kwa makini kuliko penginepo, hasa wazazi. Yako magonjwa yanayokaza nyonga, wala hayaponi kwa kunyosha wala kwa kukanda.

Mtoto mwenye homa asiyetaka kuunyosha mguu, au anayechechemea ghafula, huenda ana usaha ndani ya kiungo cha nyonga au ndani ya soasi yenyewe. Msimkande kwa maji ya moto, wala msiuvute mguu wake. Apelekwe hospitali siku ile ile, maana usaha waweza kukiharibu kiungo kwa siku chache, naye akawa kilema maisha yake yote.

Maumivu ya tumbo chini upande wa kuume, yazidiyo mguu unaponyoshwa, yaweza kuwa ya kidole tumbo, ambacho hulala karibu na soasi. Hilo nalo halingoji asubuhi.

Mgongo uumao kwa majuma mengi, usiku na mchana, pamoja na kukonda, jasho la usiku, au uvimbe kinenani, waweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa. Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1779 jinsi uti wa mgongo upindavyo na miguu kupooza. Na mwaka 1882 Robert Koch akamtambua mdudu aletaye kifua kikuu. Usaha wa ugonjwa huu huweza kushuka ndani ya soasi, kama maji katika mfereji, ukatokea pajani. Dawa zipo, nao huponyeka. Lakini anayekawia apata kibyongo.

Huko Kwango, mganga Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa uitwao konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafula, mtu akatembea kwa ncha za vidole. Huo watoka katika sumu ya mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, hasa kwa watu wakosao vyakula vya kujenga mwili. Walioumia ni mishipa ya fahamu, si misuli. Kinga yake iko jikoni: loweka mihogo vema, anika vema, na kula pamoja na maharagwe, samaki au nyama.

Mwisho, mtu apatwaye na ganzi kati ya mapaja, au ashindwaye kuzuia mkojo, au ambaye miguu yake yalegea, na apelekwe mbio. Na kijana ambaye kila asubuhi mgongo wake wakaa mgumu zaidi ya nusu saa, kwa miezi, amwone mganga. Huenda ni ugonjwa wa viungo wenye dawa zake.

SASA, MWANETU

Umsomee baba yako barua hii jioni, akiwa amepumzika. Usimwambie, "Ulikosea", mwambie, "Tumpate mganga akupime, kisha tujaribu mazoezi haya." Laleni wote wawili juu ya mkeka, nawe umpime kama Thomas alivyowapima watu wa Liverpool. Akiliona goti lake mwenyewe likielea hewani, ataelewa kuliko kwa maneno yetu mengi.

Tena liko jambo la pili, nalo kwetu si dogo kuliko kiuno. Yule fundi wa meza ya jirani naye huketi kwenye kiti kama kile, mbele ya mashine kama ile, saa zile zile. Yawezekana sana kwamba yeye pia, ainukapo jioni, hushika kiuno chake. Mtu aliyeshukiwa ulozi huharibiwa jina, hukimbiwa na wateja, na pengine hupigwa. Na haya yote kwa sababu ya msuli. Baba yako na amwendee kesho, amsalimu kwanza, amwulize, "Ndugu, wewe nawe wanyoka vizuri asubuhi?" Wakiisha kuambiana kweli, watandike kitenge kimoja kati ya meza zao, wapokezane zamu.

Tutafurahi kupata barua yako ya pili.